Mlio wa Mwishehe na Mguu Wangu wa Kushoto

Jumapili, 3 Agosti

Kikao kimeharibika. Nilijua kitaharibika tangu Saburi alipoingia na miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso, kama mtu aliyekuja kukarabati kitu.

Kwa kumbukumbu (na kumbukumbu ndiyo kazi yangu, niko masijala, ofisi ya serikali hapa Kibaha): kikundi chetu kinaitwa Umoja wa Wapenzi wa Chuma Kizito. Wanachama wanane, wa Kibaha na Kisarawe. Muziki wetu ni ule wa magita ya kunguruma, ambao majirani wanauita kelele na mke wangu Marselina anauita "ile ajali". Mwenyekiti ni mimi, Ipyana. Ofisini ninakaimu, mwaka wa tisa sasa. Kila barua ninayosaini inatanguliwa na "K.n.y.", kwa niaba ya mtu mwingine. Kwenye kikundi tu ndiko ninakosaini jina langu likiwa peke yake. Ninakipenda kiti hiki. Ninakipenda sana. Siwezi kulisema hilo popote ila hapa.

Ajenda ya leo: solo za Mwishehe. Huyu ni kijana wa Msimbu, kule Kisarawe, mpiga gita wa bendi ya Tanuri. Ijumaa, siku ya Nane Nane, anakuja kupiga kwenye bonanza hapa kwetu. Saburi, ambaye ni fundi wa mageti Kisarawe, akasema nchi nzima hakuna mpiga solo wa kumfikia. Nikasema kasi ninaikubali. Vidole vinakimbia, hakuna ubishi. Lakini mlio? Mlio hana! Mwembamba, unawasha masikio, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Saburi akasema mlio uko kwenye vidole, na vidole vya Mwishehe vina nyama. Nikamwuliza vidole hivyo kaviona wapi. Akasema amewahi kumchomelea mama yake Mwishehe mlango. Huo ndio ushahidi wa Kisarawe!

Tukabishana saa mbili nzima. Soda zikapata moto. Mwishowe nikasimama, nikasema Mwishehe akipiga solo moja, moja tu, yenye mlio siku ya Ijumaa, kiti ninaachia na uchaguzi ufanyike. Nilitaka wanyamaze. Wakanyamaza. Kilichobaki kusikika ni kalamu ya Biasha, katibu wetu, mwenye steshenari tunamofanyia vikao. Alikuwa anaandika maneno yangu. Kwa wino.

Uchaguzi Jumapili ijayo, endapo wanachama wataona mlio ulikuwepo.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeipunguza kasi solo ya "Moto wa Pili", wimbo mkubwa wa Tanuri, nikaihesabu noti moja moja. Mia nne na kumi na mbili kwa dakika mbili na robo. Nimefungua jalada jipya, nimelipatia namba, nimeweka orodha ndani. Kisha nimetuma muhtasari kwenye kundi la simu, nikiuliza: mtu anayepiga noti mia nne na kumi na mbili anapata wapi nafasi ya kuzipa mlio? Swali zito. Saburi amejibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake mashine inakata chuma. Amesema noti si maharage.

Wanne wameweka kicheko. Nimeandika majina yao.

Mchana nimeitwa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, Bi Evaline. Nilikuwa nimeomba kikundi kisajiliwe, ili kamati ya bonanza itutambue na itupe nafasi jukwaani. Akanikaribisha kiti, akavua miwani, akaniuliza kwa upole tunamchukia nani.

Nikasema hakuna. Akageuza fomu yangu, akaweka kidole. Pale chini ya jina kamili nilikuwa nimeweka kifupisho, kama ilivyo desturi ya kikundi chochote kinachojiheshimu. Kilinichukua jioni nzima kukitengeneza. Umoja wa Wapenzi wa Chuma Kizito: UWACHUKI. Bi Evaline akaniomba nikisome kwa sauti, polepole. Nikakisoma.

Loo!

Miezi minne nimekuwa nikikiandika kwenye kila muhtasari, na hakuna mwanachama hata mmoja aliyeniambia. Nilimweleza asili yake, silabi kwa silabi. Kisha akaniuliza kama tuna kibali cha kununua vyuma chakavu. Fomu imerudishwa. Tatizo ni moja: nakala ya fomu ileile nilikwishampelekea mshereheshaji wa bonanza.

Jumanne, 5 Agosti

Hila ya kwanza. Nimeomba ruhusa ya dharura ya kifamilia, nimepanda bodaboda mpaka Kisarawe, moja kwa moja kwenye karakana ya Saburi. Mfukoni nina simu yenye rekodi mbili. Zote ni solo ileile ya Mwishehe. Ya kwanza iko ilivyo. Ya pili nimeirekodi upya, simu ikiwa ndani ya sufuria. Mpango: nimwambie ya pili ni ya mpiga gita wa Ulaya. Yeye aisifu. Mimi nimwumbue mbele ya kikundi kwamba hana masikio.

Ili asishtuke, nikajifanya nimekuja kuagiza geti. Akafurahi mno. Akaniuliza upana. Nikasema upana wa kawaida. Akaniuliza wa gari au wa watu. Nikasema wa wote.

Wakati ninampigia rekodi alikuwa amechuchumaa anagonga mabomba kwa nyundo ndogo, moja moja, mepesi anayaweka kushoto na mazito kulia, kwa kusikiliza tu. Hakuacha kugonga. Akasema zote mbili ni Mwishehe, tena siku ileile, ila hiyo ya pili imepigiwa ndani ya chombo cha alumini kilichofunikwa. Nikasema hakikufunikwa. Kisha nikaaga haraka. Vumbi la karakana ile linaingia sana machoni.

Marselina ameuliza geti la nini, na sisi tumepanga, na mwenye nyumba ana geti lake. Nimemwambia ni maandalizi ya maisha ya baadaye. Ameuliza pia nilikuwa nafanya nini na sufuria yake chumbani huku nimefunga mlango.

Jumatano, 6 Agosti

Ninawaza.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Nimeamka na mpango kichwani, umekamilika, hauhitaji hata rasimu.

Solo ambayo haikumalizika haiwezi kuhukumiwa. Hata Biasha na wino wake hawezi kupinga hilo. Sasa, nani ana ruhusa ya kupanda jukwaani katikati ya wimbo na kumvuruga mpigaji mbele ya umati wote, na bado akapigiwa makofi? Anayetunza! Msanii akikolea, unapanda, unamtunza, unamvisha kitenge shingoni, unamkumbatia. Mlinzi hakugusi. Mwenyeji anakupisha. Ni heshima hiyo, tena ya siku nyingi. Mimi nitakwenda kumheshimu Mwishehe katika sekunde ya kumi ya solo yake, na nitamheshimu mpaka solo iishe.

Kitenge: nimekipata kabatini. Kipya, yadi kadhaa, bluu yenye njiwa weupe. Marselina alikuwa kazini kwa hiyo sikupata nafasi ya kumwuliza. Kina njiwa wengi. Hakiwezi kuwa cha kazi maalumu.

Nimempigia mshereheshaji kumweleza kwamba kikundi kina zawadi. Amesema jina letu analo, amelipenda, ni la kipekee. Nilijaribu kumrekebisha, simu ikakata.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Bonanza limeanza saa tisa, watu wakitoka sala ya Ijumaa. Kukimbia na magunia, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, kisha Tanuri. Kuku alikuwa bado hajakamatwa bendi ilipoanza. Wimbo wa kwanza tu, akina mama wa vikundi vya mbio za mazoezi wakaziba masikio, watoto wakaanza kurukaruka. Mwishehe kijana mwembamba, mpole, ameinamia gita lake kama anatafuta sindano. Akapiga solo ya kwanza. Nyuki! Debe lote la nyuki! Nikageuka kumwangalia Saburi, aliyekuwa na kanzu yake ya msikitini. Hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja uso, ameinamisha kichwa upande mmoja, vilevile anavyofanya akigonga bomba. Nikajisikia mshindi.

Ukaja "Moto wa Pili". Nikasogea karibu na ngazi, kitenge begani. Solo ikaanza. Moja, mbili, tatu. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akasema anamkaribisha jukwaani, kwa heshima na taadhima, Mwenyekiti wa Umoja wa Chuki.

Uwanja mzima ukageuka. Nilimwona bosi wangu na familia yake. Lakini nilikwishaweka mguu kwenye ngazi, na mtu hawezi kurudi.

Nikamvisha kitenge. Ncha moja ikaangukia kwenye nyuzi. Gita likatoa sauti ya mlango wa ghala. Nikavuta ncha, yeye akarudi nyuma, nikamfuata, yadi zile zikanizunguka magotini, na mguu wangu wa kushoto ukatua juu ya kisanduku kidogo kilichokuwa sakafuni, kile cha kukanyagia wanachotumia wapiga gita kubadilisha sauti. Kikalia: tak.

Nyuki wakatoweka.

Mwishehe hakuacha kupiga. Kitenge shingoni, njiwa kila mahali, akashika noti moja, akaivuta, akaiacha ikae. Mlio mnene! Wa moto! Ulinifika tumboni kabla ya masikioni. Akaiachia ile noti, akaenda kwenye nyingine, polepole, na kila moja ilikuwa inasema kitu ambacho ninakijua na sijawahi kumweleza mtu. Akina mama wakaondoa mikono masikioni. Kwa dakika nzima sikuwa mwenyekiti wala kaimu wa kitu chochote. Nilikuwa nimesimama jukwaani na ncha ya kitenge mkononi, ninalia. Niandike ukweli. Ninalia kabisa, kamasi na yote.

Makofi. Watu wakamrukia. Nikashuka. Saburi akanishika bega, macho yake mekundu, akataka kusema kitu. Na hapo ndipo akili ikanirudia: kiti!

Nimefikiri haraka, na ninajipongeza. Mlio ule ukiwa wa Mwishehe, nimekwisha. Lakini mlio ulikuja lini? Nilipokanyaga. Nani alikanyaga? Mimi. Basi mlio ni wa mguu wangu.

Nikaenda nyuma ya jukwaa nipate uthibitisho. Mwishehe akanisalimia shikamoo. Nina miaka arobaini na tatu. Nikamwambia atamke tu, mbele ya mashahidi, nilifanya nini na kile kisanduku.

"Ulikizima, mzee," akasema. "Nilikinunua mwaka huu, nikaambiwa ndiyo mtindo. Siku zote nilikuwa nasikia kama kinakwangua mlio, nikadhani ni masikio yangu. Leo ulipokizima nikajisikia mwenyewe. Sikiwashi tena."

Akanishukuru. Akataka kurudisha kitenge, nikamwambia abaki nacho. Nimeandika kiganjani, kabla sijasahau: NILIKIZIMA MIMI.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetuma waraka kwenye kundi: "Kuhusu Umiliki wa Mlio wa Ijumaa." Kurasa tatu. Nimeeleza mguu, pembe ya mguu, uzito wa kiatu. Majibu hadi sasa: mmoja ameuliza kiatu ni namba ngapi. Mwingine ameuliza kama mguu wa kulia nao unaweza, au huo ni wa besi. Biasha ameandika kwamba amepokea. Saburi kimya. Ukimya wa mtu anayepanga mambo!

Picha ya Mwishehe na kitenge imezunguka mji. Imefika hata kwa kwaya ya Marselina. Kumbe njiwa wale ni sare mpya ya kwaya. Kipande chake alitakiwa akipeleke kwa fundi leo asubuhi. Mwalimu wa kwaya amempigia kumwuliza yule kijana mwenye nywele ndefu amejiunga lini na anaimba sauti ya ngapi.

Marselina hakugomba. Afadhali angegomba. Ameniangalia tu, akasema kesho atasimama mstari wa nyuma na gauni la mwaka jana. Nimeosha vyombo vyote, pamoja na visivyokuwa vichafu.

Jumapili, 10 Agosti

Biasha amefungua kikao kwa swali moja: mlio ulikuwepo au haukuwepo? Wanaosema ulikuwepo wanyooshe mikono. Mikono minane ikapanda. Mmoja ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeukumbuka ule mlio, mkono ukajinyoosha wenyewe.

Basi, uchaguzi. Wagombea: mimi na Saburi. Saburi alisema hataki, wakamlazimisha. Mimi nimejieleza kwa dakika arobaini. Nikaonyesha kwa vitendo: nikaweka stepla ya Biasha sakafuni na kuikanyaga kwa pembe ileile, ili waisikie ile tak. Ilisikika. Biasha ameniambia stepla ilikuwa ya mteja.

Saburi alipopewa nafasi alisema hana la kuongeza, ila anaomba tupigiwe tena rekodi ya solo ya Ijumaa. Tukaisikiliza mara tatu. Ilikuwa, nasikitika kuandika, sehemu nzuri zaidi ya kikao.

Kura za siri. Vikaratasi vinane. Biasha akasoma. Saburi, Saburi, Saburi. Kisha akasoma: "Mimi."

Akauliza Mimi ni nani. Kikao kikaniangalia. Nilikuwa nimeandika kwa haraka, kwa hisia. Nikaomba iingizwe kwenye hesabu zangu kwa kuwa nia inajulikana. Biasha akasema katiba inataka jina, na katiba niliitunga mwenyewe. Kura imeharibika. Saburi sita. Iliyoharibika moja.

Na Ipyana, moja.

Nimepoteza kiti. Nimetembea mpaka nyumbani ingawa ni mbali. Marselina amenipakulia chakula bila kuuliza, akaongeza kipande cha samaki. Imeniuma. Imeniuma kuliko nilivyodhani.

Lakini ile moja! Yangu imeharibika. Basi ile moja ni ya nani?

Jumatatu, 11 Agosti

Sikwenda masijala hadi saa nne. Nimefanya uchunguzi. Nimewapigia simu wanachama wote, mmoja mmoja, nikiuliza kirafiki kama yeye ndiye aliyenipa kura.

Wa kwanza akasema ndiyo, ni yeye. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nikampigia wa pili, kwa kukamilisha jalada tu. Naye akasema ni yeye. Wa tatu akaapa. Wa nne akasema asingeweza kunifanyia ubaya, ananiheshimu mno. Wa tano akasema ndiyo huku akikohoa kwa muda mrefu, nadhani ana mafua. Biasha, ambaye ndiye aliyesoma kura, akasema ni yeye, na kwamba ya stepla ameshasamehe.

Kura sita! Nilianza kuona hila ndani ya jambo hili. Mtu ana kura sita na anasomewa moja!

Mwisho nikampigia Saburi. Nilitaka kumwambia kwamba nimejua kura zangu zimeibwa. Kabla sijafungua mdomo akasema samahani, alitaka kuniambia tangu jana lakini nilitoka haraka. Akasema: "Kura ile ni yangu, kaka. Wewe ulisikia kasoro kwenye gita la Mwishehe kabla yetu sote. Mimi nilikuwa nampenda, nikawa siisikii. Mwenyekiti ni mtu mwenye masikio."

Nikasikia nyundo yake inagonga bomba mara moja, taratibu. Akaniuliza kama Jumapili nitakuja, kwa sababu bila mimi hajui atabishana na nani.

Nikasema nitaangalia ratiba. Nikakata simu. Nikapenga kamasi, huenda ni mafua ya yule wa tano.

Kisha nikachukua kalamu. Hebu tuone. Wanachama sita wamekiri kwa vinywa vyao, kila mmoja kura moja. Sita. Saburi, mshindi mwenyewe, naye amekiri. Saba. Na ile iliyoandikwa "Mimi", ambayo nia yake inajulikana. Nane.

Nimechaguliwa kwa kura zote nane! Hakuna mwenyekiti katika historia ya kikundi aliyewahi kupata nane! Nimefungua jalada la rufaa, nimeandika barua kwa katibu, na chini nimesaini jina langu, bila K.n.y. ya mtu yeyote.